Kutwa Mara Tatu, na Usiku Je?

Kifuko chenyewe ni kidogo, cha nailoni, kinaingia kwenye mfuko wa shati. Mbele kimechapwa mistari ya kujaza: jina la mgonjwa, jina la dawa, vidonge vingapi, mara ngapi. Chini, kwa herufi ndogo, kuna onyo la kuweka dawa mbali na watoto. Foleni imefika barazani, mvua ya Mbinga imeshaanza kupiga bati, na mtoa dawa yuko peke yake tangu asubuhi. Mstari wa jina anauruka. Anaandika 1x3, anabana kifuko, anakisukuma dirishani na kutamka maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia tangu akiwa mgongoni kwa mama: "Kimoja, kutwa mara tatu." Kisha: "Anayefuata!"

Bibi yangu mzaa mama aliondoka na kifuko kama hicho miaka kadhaa iliyopita, ndani yake amoksilini ya kutibu kichomi. Alikuwa mtu wa kufuata amri. Kapsuli ya kwanza aliimeza alfajiri, ya pili jua la utosi, ya tatu jioni kabla jua halijazama nyuma ya vilima vya Umatengo. Niliposhangaa kwamba usiku hamezi kitu, alinitazama kama mtu aliyegundua kuwa ada za shule zimeliwa bure.

"Mtu akishinda kutwa nzima shambani, analala huko huko?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kutwa ni mchana, tangu jua lichomoze hadi litue. Ukitaka usiku nao uhesabiwe, Kiswahili kina neno lake, kucha. Bibi alikuwa sahihi. Aliyekosea ni aliyeandika 1x3 akidhani ameandika kila baada ya saa nane. Kwa hesabu hiyo kapsuli zilipaswa kumezwa saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku. Bibi alizibana zote tatu ndani ya mchana, kisha akawaachia wadudu wa kichomi usiku mzima wajipange upya, karibu saa kumi na tatu bila dawa mpya mwilini.

Na hata hiyo "kila baada ya saa nane" ina mtego wake. Chukua dawa ya mseto, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa kuu ya malaria mwishoni mwa 2006, baada ya klorokwini na kisha SP kuzidiwa nguvu na vimelea. Mtu mzima humeza vidonge 24: vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ifyonzwe vizuri. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza, na zinazofuata hupishana kwa saa kumi na mbili. Sasa mvuvi wa Liuli amepewa dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, akaambiwa, "Ya pili umeze baada ya saa nane." Anaitika, anaenda kwake, na saa nane mchana ikishagonga tu anameza. Zimepita saa nne, siyo nane. Alitakiwa asubiri hadi saa 12 jioni. Walimu wa Kiswahili hutuonya kwamba "masaa" si Kiswahili sanifu. Darasani nawaunga mkono. Kwenye dirisha la dawa niacheni niseme "masaa manane", mgonjwa aende nyumbani akijua nimemaanisha muda, siyo mshale wa saa.

Nimeanza na maneno kwa sababu kila tunapozungumzia watu wasiotumia dawa ipasavyo, tunaanza na tabia zao. Katika rejista za kliniki aliyekatisha dozi huitwa mtoro, neno tulilolitoa shuleni pamoja na fimbo yake. Mtoro ni mtu aliyejua pa kwenda akaamua kutokwenda. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini niliokutana nao, huku juu kwenye kahawa na kule chini ziwani, wengi walikuwa kama bibi: walifuata walichoelewa, au walichokimudu, au kile ambacho siku yao iliwaruhusu. Wala si ugonjwa wa maskini peke yao. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba hata katika nchi tajiri, ni takriban nusu tu ya wagonjwa wenye maradhi ya kudumu wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa. Nusu, mahali ambako famasi iko kila kona.

Nchi yetu ina historia ndefu kwenye jambo hili kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na aliyeshauri namna ya kuuendesha alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi. Tatizo alilolikuta halikuwa la uhaba wa dawa tu. Tiba ya wakati ule ilichukua mwaka mmoja au zaidi, na mgonjwa wa kifua kikuu hupata nafuu mapema sana: wiki chache tu kikohozi kimepungua, jasho la usiku limekoma, uzito unarudi, jembe linamwita. Kwa nini aendelee kumeza vidonge vinavyomchafua tumbo? Njia iliyojengwa hapa Tanzania ilifupisha tiba hadi miezi minane, na miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alikaa wodini, akimeza kila dozi mbele ya macho ya mhudumu. Kila aliyeanza dawa aliandikwa, na mwisho wake ukaandikwa pia: amepona, amefariki, ametoweka. Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo katika miaka ya 1990, likaupa jina DOTS na kuusambaza duniani.

Wazee wa huku wanazikumbuka wodi hizo. Fikiria mkulima wa Umatengo anayelazwa miezi miwili wakati wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia udongo usishuke na mvua. Anapona mapafu, na nyumbani njaa imeingia. Ndiyo maana nadhani mabadiliko yaliyoanza mwaka 2006 yalikuwa makubwa kuliko yalivyotangazwa: mgonjwa akapewa kuchagua, ameze dawa kituoni au nyumbani mbele ya mtu aliyemteua mwenyewe. Tiba sasa ni miezi sita, na shahidi anaweza kuwa mke, kaka, jirani au mwenzake wa kwaya. Wamatengo walikuwa na sengu, ambako watu wa ukoo walikula pamoja chini ya mzee wao na kuambiana yanayopaswa kuambianwa. Asiyeonekana kwenye chakula aliulizwa. Sisemi turudi huko. Nasema aliyebuni msimamizi wa dawa wa nyumbani hakubuni kitu kigeni kwetu.

Msimamizi mwenyewe naye aambiwe kinachokuja. Rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na machozi wakati mwingine. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu. Huacha siku hiyo hiyo, tena kwa busara kabisa. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito hufanya choo kuwa cheusi, na akivimeza na chai, kama wengi wanavyomeza kila kitu, mwili hufyonza madini kidogo sana. Mambo haya husemwa kwa sekunde kumi.

Sekunde hizo kumi zinategemea nani yuko nyuma ya kaunta, na hapo mkoa wetu una cha kujivunia. Zamani vijijini tulikuwa na duka la dawa baridi. Kisheria liliuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu. Kiuhalisia kila mtu alijua rafu ya nyuma ina nini, na muuzaji mara nyingi alikuwa ndugu wa mwenye duka aliyekosa kazi nyingine. Mwaka 2003 Ruvuma ulichaguliwa kuwa mkoa wa kwanza wa kujaribia Duka la Dawa Muhimu, mradi wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa na shirika la Management Sciences for Health la Marekani. Wauzaji walirudishwa darasani kwa wiki kadhaa, wakajifunza kusoma cheti, kutambua dalili za hatari kwa mtoto na kuzungumza na mgonjwa. Duka likakaguliwa, likapewa orodha ya dawa za cheti ambazo sasa liliruhusiwa kuziuza mchana kweupe, baadhi ya antibaotiki zikiwemo. Baada ya Ruvuma ikafuata Morogoro, kisha nchi nzima. Yale maandishi ya Duka la Dawa Muhimu unayoyaona leo kutoka Kagera hadi Mtwara yalianzia huku kwetu.

Mafunzo lakini hayajaondoa sentensi moja: "Nipatie vya elfu moja." Mteja ananunua dawa kama anavyonunua mafuta ya taa, kwa kadiri ya pesa iliyo mkononi. Muuzaji anajua dozi ni siku tano. Anajua pia kwamba akikataa, mteja atavuka barabara. Anakata nusu ya karatasi ya vidonge, anasema "uje umalizie", na wote wawili wanajua kwamba homa ikishuka harudi. Vilivyobaki vitahifadhiwa kwenye kopo la sukari kumsubiri mgonjwa mwingine, na kapsuli za rangi mbili zitafunguliwa ili unga wake umwagwe kwenye kidonda cha mguu. Nimeyaona haya nyumbani kwetu, kwa hiyo siwezi kujifanya mgeni.

Pesa ndiyo sura ambayo waliosomea afya huipita haraka, nami nitaisimamia kidogo. Mbinga ni kahawa. Uchumaji huanza katikati ya mwaka, kahawa huenda chama cha msingi, inauzwa, malipo yanaingia. Kwa kaya nyingi hiyo ndiyo pesa kubwa ya mwaka mzima: ada, bati, mbolea, posa, madeni. Presha nayo hudai kila mwezi. Mzee mmoja jirani yetu alipewa dawa za presha za mwezi, akaambiwa hizi ni za maisha. Mwezi wa Septemba alinunua bila shida. Ilipofika Februari, akiba imekwisha na kahawa ingali mbichi mtini, akaanza kubana matumizi: leo anameza, kesho anaruka, vidonge 30 vinamfikisha miezi miwili. Kliniki walipompima, presha iko juu. Hakusema anaruka siku, na hakuna aliyemuuliza kwa namna ya kujibika; aliulizwa "Unatumia dawa vizuri?", naye, mzee wa heshima, angejibu nini mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake? Akasema ndiyo. Daktari, kwa nia njema, akaona dawa haitoshi na kumwongezea nyingine. Sasa akawa na mbili za kutonunua.

Ukimkuta mtu wa namna hiyo ameuza kahawa ikingali mtini, kwa bei ya kutupa, usimcheke. Biashara hiyo tunaiita magoma, viongozi huilaani kila mwaka kwenye mikutano, na mara nyingi nyuma yake kuna mgonjwa ndani ya nyumba.

Swali la kumuuliza yule mzee lilikuwa rahisi: "Wiki iliyopita, mzee, ni siku ngapi dawa ilikupita?" Linakubali tangu mwanzo kwamba dawa humpita mtu. Na angejibu, angeweza kutafutiwa dawa ya bei nafuu zaidi, au kushauriwa aweke fungu la dawa pembeni siku ile ile anapolipwa, kabla mbolea haijaligusa.

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita zisizofika 70, na siku hizi ni lami. Unaondoka umevaa sweta, unashuka kona baada ya kona, migomba na mikahawa inabaki juu, mihogo na miembe inakupokea, na ukiliona ziwa sweta liko begani. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kimaisha ilishakuwa nchi nyingine. Huku juu mtu huamka na jogoo. Kule chini wavuvi wa dagaa huingia ziwani jioni, huwasha taa kuvuta samaki, na hurudi kumepambazuka. Kwao asubuhi ndiyo usiku. Mwambie mvuvi ameze dawa "asubuhi baada ya kifungua kinywa na usiku kabla ya kulala", na umemsomea ratiba ya mtu mwingine. Analala saa 3 asubuhi. Mlo wake mkubwa ni wa mchana, ugali wa muhogo na samaki aliyemvua mwenyewe. Usiku wa manane yuko kwenye mtumbwi, mikono imelowa, upepo wa kusi ukianza hana nafasi ya kufungua kifuko cha dawa.

Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, mtumbwi una shida ya ziada, nayo ni sauti. Vidonge ndani ya kopo la plastiki hulia kama kayamba. Katika kambi ya wavuvi, ambako watu kumi hulala kwenye banda moja la nyasi, kila mtu anaijua sauti hiyo. Basi mwenye kopo hulitupa, huvifunga vidonge kwenye kipande cha kanga au nailoni na kuvichimbia ndani ya begi. Vinatulia kweli, lakini vimetoka kwenye kopo lililotengenezwa kuvikinga na unyevu, vikahamia mahali penye unyevu kuliko pote wilayani. Dawa hizi zilianza kutolewa bure nchini kwa wingi mwaka 2004, na leo mgonjwa anayeendelea vizuri huweza kupewa za miezi sita kwa mara moja, jambo lililowafaa sana wavuvi wanaohama kambi kufuata samaki. Kipande cha pamba ndani ya kopo kinatosha kuzima kayamba. Nilielezwa hilo na mtumiaji wa dawa mwenyewe. Kwenye bango sijawahi kuliona.

Wenzetu wa Kenya walipata somo la karibu na hilo kwa kutumia simu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet, wagonjwa 273 walioanza dawa za virusi vya UKIMWI Nairobi na Kajiado walitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa wiki, na wengine 265 hawakutumiwa. Ujumbe haukuwaamuru wameze dawa. Uliandikwa neno moja: Mambo? Waliokuwa salama walijibu Sawa, wenye tatizo walijibu Shida, na nesi akawapigia. Baada ya mwaka mmoja, waliosema wanafuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la Mambo, na asilimia 50 katika lile lingine. Ujumbe wenyewe unaweza kusomwa na mtu yeyote atakayeokota simu, asijue kitu.

Mara ya mwisho niliposhuka ziwani nilikaa nusu siku kwenye benchi la kituo kimoja cha afya, karibu kabisa na dirisha la dawa, nikijifanya nasubiri zamu yangu. Mtoa dawa alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Mbele yake alisimama mvuvi wa makamo, suruali imekunjwa hadi magotini, magamba ya samaki yamemkaukia kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa na presha, ameandikiwa kidonge kimoja mara mbili kwa siku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

"Baba, unavua?"

"Dagaa."

Binti alikuwa ameshaandika 1x2. Akaikata kwa mstari. "Unarudi saa ngapi ziwani?"

"Kumi na mbili, moja. Inategemea."

"Na kuingia?"

"Kumi na mbili jioni tunawasha taa."

Akaandika taratibu, kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti: "KIMOJA UKITOKA ZIWANI. KIMOJA KABLA YA KUWASHA TAA." Akamkabidhi. Yule baba alikishika kifuko mbali kidogo na macho, kama wafanyavyo wenye umri wake, akasoma, akacheka kidogo. Watu wawili kwenye foleni nao wakacheka. Akageuka kuondoka, akafika mlangoni, akarudi.

"Sasa mwanangu, mwezi ukiwa mkubwa hatuingii ziwani. Dagaa hawaji kwenye taa."

"Siku ngapi?"

"Wiki, au zaidi."

Binti alinyoosha mkono dirishani. "Nirudishie, baba," akasema, akaanza kutafuta kalamu.